Daktari aulizwa kama amefundisha

Juma lililopita alikuja ofisini kwetu hapa Bweri binti mmoja daktari, mtoto wa jirani. Anataka kusomea ubingwa huko Marekani, naye ameitwa kuhojiwa. Akaniambia, "Mwalimu, maswali ya magonjwa siyaogopi. Lakini wataniuliza kama nimefundisha na kulea wengine kazini, nami si mwalimu kama wewe."

Nilicheka. Neno daktari lenyewe shina lake ni la Kilatini, docere, yaani kufundisha. Na mafunzo hayo anayoyataka yalianza mwaka 1889 katika hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore. Vijana walilala humo humo hospitalini, na hata leo aliyetangulia humwonyesha kazi anayemfuata. Basi hawaulizi bure, watamkabidhi watu.

Nikamwambia, "Haya, nijibu mimi." Akaanza: "Nina uzoefu mkubwa wa kufundisha, na napenda sana kusaidia wengine." Nikamkatiza. Kule chuo cha ualimu maneno ya namna hiyo yalipigwa kalamu nyekundu, maana hayana mwanafunzi ndani yake. Ni nani aliyefundishwa? Alikuwa hawezi nini?

Akanyamaza kitambo. Kisha akasimulia kwamba katika mwaka wake wa utarajali alikuwapo mwanafunzi wa uuguzi ambaye mkono ulimtetemeka kila alipotafuta mshipa wa mtoto ili kuweka dripu. Siku moja alimnyang'anya sindano mbele ya mama wa mtoto. Mwanafunzi akamkwepa siku mbili. Ndipo akamwita kando, akamwomba radhi, akamwonyesha polepole, akamwacha ajaribu kwanza kwa watu wazima, yeye mwenyewe akisimama nyuma bila kugusa kitu. Baada ya majuma matatu yule yule alikuwa akimwonyesha mwenzake.

"Hilo la kunyang'anya nilifiche, sivyo?"

Sivyo hata kidogo, dada. Hilo ndilo la kuanza nalo, kwa kuwa hapo ndipo wewe ulipojifunza, na wahojaji watataka kujua ulibadilika vipi. Ila jina la mwanafunzi usilitaje. (Fundi baiskeli aliyewahi kuwa na mwanagenzi naye ana jibu lake la namna hii, akiulizwa.)

Tulirudia mara tatu. Mara ya mwisho alimaliza kwa dakika mbili, bila karatasi. Atahojiwa Alhamisi usiku kwa njia ya intaneti, nami nimempa ufunguo wa ofisi, maana kwao watoto hawalali mapema.