Huduma za Halmashauri: Mlango Sahihi Huanzia Ofisi ya Mtaa na Kijiji

Mwananchi anayefunga safari hadi makao makuu ya halmashauri, kisha akarudishwa kijijini kufuata barua, amepoteza nauli, siku ya kazi na pengine sehemu ya imani yake kwa Serikali. Katika halmashauri zenye maeneo makubwa, kama zilivyo nyingi za mikoa ya Tabora, Katavi na Lindi, hasara hiyo si ndogo. Mara nyingi chanzo chake ni kutofahamu ni ngazi ipi inayoamua jambo gani, wakati huduma yenyewe ipo.

Ibara ya 145 na 146 za Katiba ya Jamhuri ya Muungano zinaanzisha serikali za mitaa na kutaja madhumuni yake kuwa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Mfumo huo umepita katika mabadiliko makubwa. Halmashauri zilifutwa mwaka 1972 ulipoanzishwa utaratibu wa Madaraka Mikoani, sheria za kuzirejesha zikatungwa mwaka 1982, na halmashauri za wilaya zikaanza kazi upya mwaka 1984. Leo Tanzania Bara ina halmashauri 184 za majiji, manispaa, miji na wilaya. Chini yake zipo kata, kisha vijiji zaidi ya 12,000 na mitaa zaidi ya 4,000, na ndani ya vijiji vipo vitongoji zaidi ya 60,000. Kwa upande wa Zanzibar, serikali za mitaa si jambo la Muungano. Huko mkazi huanzia kwa sheha wa shehia yake, na utaratibu unaoelezwa hapa ni wa Tanzania Bara.

Katika ofisi ya mtaa au kijiji mwananchi hukutana na viongozi wawili ambao majukumu yao huchanganywa sana. Mwenyekiti huchaguliwa na wakazi kila baada ya miaka mitano, na walioko madarakani sasa walipatikana katika uchaguzi wa Novemba 27, 2024. Mtendaji ni mtumishi wa umma aliyeajiriwa. Ndiye mtunza kumbukumbu, ndiye katibu wa vikao na ndiye anayewajibika kwa mwajiri wake, yaani halmashauri. Mwenyekiti anamfahamu mkazi kwa sura na kwa ukoo, ilhali mtendaji ndiye mwenye daftari. Ofisi inayofanya kazi vizuri huwahitaji wote wawili, na mwananchi anayemfuata mmoja nyumbani usiku ili kukwepa foleni ya mwingine hujiongezea usumbufu pale karatasi yake itakapohojiwa mbele ya safari.

Karatasi hiyo, kwa kawaida, ni barua ya utambulisho. Huhitajika katika hatua za kuomba Kitambulisho cha Taifa, kufungua akaunti katika baadhi ya benki, kumdhamini ndugu, kufuatilia mirathi na kujiunga na kikundi cha mkopo. Mifumo ya kielektroniki imepunguza karatasi nyingi katika ngazi za juu, lakini haijaondoa swali ambalo kompyuta haiwezi kulijibu: je, mtu huyu kweli anaishi hapa? Jibu bado hutoka kwa jirani, kwa mjumbe na kwa mwenyekiti. Ndiyo maana uadilifu wa ofisi ndogo kabisa ya Serikali una uzito kuliko udogo wa jengo lake. Mkazi anayetajiwa gharama ya barua ana haki ya kuuliza imetoka katika sheria ndogo ipi na risiti yake iko wapi. Swali hilo halihitaji ugomvi, na mtendaji mwadilifu halioni kuwa ni dharau.

Ugumu mwingine umeletwa na mageuzi ya miaka ya karibuni, ambayo yamehamisha baadhi ya huduma kutoka halmashauri kwenda kwa wakala na taasisi nyingine. Barabara za wilaya na za mitaa, ambazo zamani zilikuwa chini ya idara ya ujenzi ya halmashauri, tangu mwaka 2017 zinasimamiwa na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA. Maji vijijini yako chini ya RUWASA, iliyoundwa kwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019. Kodi ya majengo, ambayo wenye nyumba walizoea kuilipa dirishani halmashauri, tangu mwaka 2021 hukatwa katika ununuzi wa umeme wa LUKU. Kodi ya pango la ardhi ni ya wizara yenye dhamana ya ardhi, ingawa kibali cha ujenzi hutolewa na halmashauri.

Mageuzi hayo yana hoja zake, kwani yalilenga kuzipa sekta hizo wataalamu na fedha zisizotawanyika. Lakini mazoea ya wananchi hayakuhama kwa kasi ileile. Diwani bado huulizwa kuhusu kalvati lililobomoka na bomba lililokauka, naye, kwa kutotaka kuonekana hana uwezo, huahidi. Utaratibu unaofaa ni diwani kulifikisha jambo hilo katika Kamati ya Maendeleo ya Kata ambayo yeye ni mwenyekiti wake, na kutoka hapo liende kwa taasisi husika likiwa na muhtasari wa kikao. Malalamiko yaliyoandikwa katika muhtasari hufuatiliwa kirahisi kuliko yaliyosemwa kwenye msiba au harusi.

Kwa huduma zinazobaki halmashauri, malipo yamebadilika zaidi ya kitu kingine chochote. Mfanyabiashara anayehitaji leseni anaweza kuiomba kupitia mfumo wa TAUSI unaosimamiwa na TAMISEMI, akiwa na namba ya mlipakodi na namba ya Kitambulisho cha Taifa. Mfumo humpatia namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ambayo wengi huiita kontroli namba, naye hulipa benki au kwa simu. Kwa ushuru wa sokoni na mazao, mkusanyaji hubeba mashine inayotoa risiti papo hapo. Fedha iliyotolewa mkononi bila namba wala risiti haijaingia halmashauri, hata kama aliyeipokea amevaa kitambulisho shingoni. Mwananchi anaweza kuona jambo hilo kuwa la wahasibu tu, lakini lina uhusiano wa moja kwa moja na fedha ambazo kijana wa mtaa huohuo anaziomba.

Uhusiano huo unaonekana wazi katika mikopo ya asilimia kumi. Marekebisho ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa yaliyofanyika mwaka 2018 yanaitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Kabla ya hapo fungu hilo lilitegemea zaidi maelekezo na utashi wa halmashauri husika. Sasa ni takwa la sheria. Kwa kuwa ni sehemu ya makusanyo, si kiasi maalumu kutoka Hazina, ukubwa wake hutofautiana mno kati ya jiji lenye masoko na maghala na wilaya inayotegemea ushuru wa msimu mmoja wa mazao. Ushuru unaoishia mfukoni mwa mtu hupunguza fungu hilo kabla kikundi chochote hakijaandika ombi.

Mwezi Aprili 2023 Serikali ilitangaza bungeni kusitisha utoaji wa mikopo hiyo ili kuandaa utaratibu bora, baada ya ukaguzi kuonesha marejesho hafifu na vikundi visivyokuwepo. Uamuzi huo uliwaumiza waliokuwa wakirejesha kwa uaminifu, na hakuna sababu ya kuuficha ukweli huo. Hata hivyo, mfuko wa aina hii ni wa kuzunguka: fedha isiyorudi ni mkopo ambao kikundi kinachofuata hakitaupata. Utoaji ulianza tena katika mwaka wa fedha 2024/25 kwa njia mbili. Halmashauri 10 ziliteuliwa kutumia benki kwa majaribio, zikiwemo majiji ya Dar es Salaam na Dodoma, manispaa za Kigoma Ujiji na Songea, na wilaya kama Siha, Nkasi, Itilima na Bumbuli. Halmashauri 174 zilizobaki zinaendelea kutoa mikopo zenyewe kwa utaratibu ulioboreshwa wa uhakiki.

Kwa mwombaji, mambo ya msingi hayajawa magumu kama inavyovumishwa. Kikundi cha wanawake au vijana huanza na watu wasiopungua watano. Mtu mwenye ulemavu anaweza kuomba akiwa peke yake pale ambapo kikundi hakiwezekani. Kikundi kinahitaji katiba yake, akaunti ya benki, usajili na andiko la mradi linaloeleza shughuli wanayofanya au wanayokusudia kufanya. Mtu wa kumwona ni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, ambaye miongoni mwa kazi zake ni kukisaidia kikundi kuandika andiko hilo na kukisajili. Kikundi kinachomlipa wakala wa mtaani ili amwandikie kinatumia sehemu ya mtaji wake kabla hakijaupata.

Benki inaweza kupima hesabu za kikundi na tabia ya akaunti yake. Haiwezi kujua kwamba wanachama watatu kati ya watano ni watoto wa mtu mmoja, au kwamba banda la kuku lililoandikwa halijawahi kujengwa. Mwenyekiti wa mtaa anajua. Kwa hiyo, iwe fedha inapita benki au halmashauri, ubora wa uhakiki utategemea saini ya ngazi ya chini, na vikundi hewa haviwezi kuwa vimefika mbali bila saini kama hiyo kutolewa mahali fulani. Kuhamishia fedha benki bila kuimarisha ofisi ya mtaa ni kubadili kufuli na kuuacha ufunguo palepale.

Wananchi wenyewe wana chombo cha kusimamia hilo, nacho ni mkutano mkuu. Katika kijiji, kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi ni mjumbe wa mkutano wa kijiji, na sheria inautaka ukutane angalau mara moja kila miezi mitatu. Hapo ndipo taarifa ya mapato na matumizi husomwa, na hapo ni mahali mwafaka pa kuuliza ni vikundi gani vya kijiji vimepata mkopo na vimerejesha kiasi gani. Maeneo mengi mikutano hiyo hukosa watu, hasa msimu wa kilimo, na mijini hali si nzuri zaidi kwa kuwa wakazi huondoka alfajiri na kurudi usiku. Viongozi wanaoitisha mkutano saa nne asubuhi siku ya kazi, kisha wakalalamikia mahudhurio, wangefanya vyema kufikiria Jumamosi jioni. Vikao vya Baraza la Madiwani navyo viko wazi kwa umma, ingawa ni wachache wanaokumbuka kwamba wanaweza kuingia, kuketi na kusikiliza.

Pale huduma inapokwama, ngazi za kupanda zipo: mtendaji wa mtaa au kijiji, mtendaji wa kata, kisha ofisi ya Mkurugenzi wa halmashauri, ambako lalamiko linapaswa kupokelewa na kusajiliwa. Panapoombwa rushwa, mwananchi hahitaji kupanda ngazi hizo. Namba 113 ya TAKUKURU hupigwa bila malipo.

Njia inayotumika kidogo kuliko zote ni Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Inamruhusu raia kuomba kwa maandishi taarifa iliyo mikononi mwa mamlaka ya umma, ikiwemo halmashauri, na kuitaka mamlaka imjibu ndani ya siku 30. Kikundi ambacho ombi lake la mkopo limekaa bila majibu kinaweza kuitumia kuuliza limefikia kamati ipi na kwa nini halijaamuliwa. Ombi liandikwe kwa Mkurugenzi likieleza kwa usahihi taarifa inayohitajika na anuani ya mwombaji, nakala igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na mwombaji abaki na nakala hiyo, kwa kuwa siku 30 huhesabiwa kutoka hapo.