Fyuzi haina makosa, wacha kuweka waya hapo

Wewe mwenye nduthi pale Masara, hebu tuambiane ukweli. Nikifungua kifuniko cha pembeni cha hiyo pikipiki sasa hivi, pale pa fyuzi nitapata fyuzi? Ama nitapata kipande cha waya wa shaba, ama ile karatasi ya kung'aa ya ndani ya pakiti ya sigara, imekunjwa vizuri kama peremende?

Sababu naijua. Fyuzi iliungua asubuhi, ukaweka nyingine, nayo ikaenda kabla hujafika sokoni. Mkopo wa nduthi unalipwa kila siku, na abiria wa kwenda machimboni hangoji mtu. Jamaa wa steji akakwambia, "Omera, weka waya hapo twende." Ukaweka, ikawaka, ukamwona yeye ndiye fundi.

Mimi hiyo kitu naipinga kabisa, na si kwa ubishi. Tufanye hesabu.

Betri ya Boxer au TVS ni volti 12 tu. Watu huidharau kwa sababu ukiishika haikurushi. Lakini shoti haihitaji volti nyingi. Waya wa chanya ukichubuka ukagusa fremu, stima inarudi kwenye betri moja kwa moja bila kupitia taa wala honi, maana fremu yote ya pikipiki ni njia ya hasi. Tuseme njia hiyo nzima, pamoja na betri yenyewe, ina ukinzani wa omu 0.1. Gawanya 12 kwa 0.1, unapata ampea 120. Zidisha na volti 12, unapata wati 1,440. Hilo ni joto la pasi ya nguo, na linagawanyika kati ya betri yako na waya mwembamba uliopita chini ya tangi la petroli. Fyuzi ya ampea 10 ingekata hapo hapo. Ule waya wako wa shaba haukati kitu. Kinachoyeyuka ni maganda ya nyaya zote zilizofungwa pamoja na ule mbovu, na sasa una shoti tano badala ya moja. Hapo ni kama una bahati na petroli haijavuja.

Halafu kuna fundi wa kubahatisha. Huyu anabadilisha regyuleta, kesho koili, kesho kutwa anakwambia ununue betri. Kila kitu ni pesa yako. Mwenzake anagusisha nyaya aone kama zitatoa cheche, kichwa kikiwa juu ya tangi. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili na cheti cha umeme sina, lakini hata mimi najua cheche hazikai karibu na petroli.

Sasa sikia hii. Kuna watu Ulaya na Marekani, wengi wao wazee, wana treni ndogo za kuchezea zinazoendeshwa kidijitali. Umeme na amri zote hupita kwenye reli zile zile mbili, kwa hivyo gari moja likiacha njia na gurudumu lake la chuma likaunganisha reli hizo, treni zote mezani zinasimama, hata zisizo na kosa. Ni kama nduthi yako, fyuzi moja ikienda kila kitu kinalala. Ungedhani watu wa pesa hivyo wana mashine ya ajabu ya kutafuta shoti. Wapi! Wanagawanya reli vipande vipande na kuzima kimoja kimoja, na baadhi yao huunganisha balbu ya taa ya nyuma ya gari kwenye laini. Shoti ikitokea, balbu inawaka na hakuna kinachoungua.

Balbu hiyo unayo tayari. Chukua ya breki, ile ya volti 12 wati 21, uiunganishe nyaya mbili. Toa fyuzi iliyoungua, weka ncha za nyaya hizo mahali pake, moja kila upande. Wati 21 gawanya kwa 12 ni ampea 1.75, na hata shoti iwe kali namna gani, stima haiwezi kuzidi hapo kwa sababu balbu imeshika njia. Tafuta kwa raha zako. Ila balbu itakuwa moto sana, usiilaze juu ya kiti wala karibu na tangi.

Zima taa, redio na kila kitu. Balbu ikiwaka kwa nguvu kabla hujawasha ufunguo, kosa liko kati ya fyuzi na swichi ya ufunguo, au kwenye kitu kilichounganishwa hapo, kama regyuleta. Ikiwaka baada ya kuwasha ufunguo, chomoa soketi ya nyaya za nyuma, zile za chini ya kiti. Imezimika? Kosa liko nyuma, sahau mbele. Bado inawaka? Rudisha, nenda mbele. Ukishajua upande, gawanya tena: indiketa ya kushoto, ya kulia, taa ya breki. Kila ukichomoa unaangalia balbu. Ikififia tu, huo ni mwanga wa matumizi ya kawaida, wala si shoti.

Kuna shoti za ujanja, zinazokuja na kuondoka. Hizo nyingi ziko shingoni, pale nyaya zinapojikunja kila unapokata kona. Geuza usukani kushoto na kulia ukitazama balbu. Ikimetameta, umeshampata. Pengine pa kuangalia ni chini ya madigadi ya nyuma, ambapo tope na mawe hukwangua nyaya, na chini ya keria, hasa kama unabeba magunia ya mawe ya dhahabu. Halafu zile taa za rangi na spika ulizofungiwa na mtu wa mjini, waya umetoka kwenye betri moja kwa moja, umezungushiwa tepu nyeusi, hauna fyuzi yake. Ukishona ule mchubuko, hiyo laini nayo itilie fyuzi ndogo karibu kabisa na betri. Bei yake haifiki soda.

Boda za umeme usizijaribu na mbinu hii, betri zake si za volti 12 na zinaweza kukuua. Lakini kwa hizi za petroli, sioni kwa nini steji yenye chama kinachochanga kila wiki haina mkebe mmoja wenye balbu, nyaya mbili na fyuzi kumi. Mnachanga za mazishi, hata hiyo mnaweza. Mkutano ujao ni lini?