Kanuni Bila Ufahamu Haimfai Mhandisi

Kila mwaka wanafunzi wa uhandisi hutoka vyuoni kutafuta nafasi za mafunzo ya kazini. Wengi hukesha wakikariri kanuni, wakidhani kwamba usaili ni mtihani mwingine tu. Hapo ndipo wanapojikwaa.

Majuzi nilialikwa kuwa miongoni mwa wasaili katika kiwanda kimoja. Kijana mwenye alama za kupigiwa mfano aliulizwa: birika la wati 2,400 likitumia umeme wa volti 240, huvuta mkondo kiasi gani? Alijibu papo hapo: ampia 10. Tukaridhika.

Likafuata swali la pili. Fyuzi ya ampia 13 iliyomo katika plagi imeungua, na mwenye nyumba ameweka kipande cha waya mahali pake. Birika linachemsha maji kama kawaida. Je, kuna ubaya gani?

Kijana alitazama dari, kisha akatazama viatu vyake. Hakuuliza wala hakukisia. Hatimaye alisema kwamba hilo hawakufundishwa.

Ilhali ujuzi wote aliouhitaji alikuwa nao. Mkondo upitao katika waya huzaa joto. Mkondo ukiwa maradufu, joto huwa mara nne. Fyuzi imefanywa dhaifu makusudi ili iyeyuke kwanza hitilafu itokeapo. Ukiiondoa, siku ya hitilafu itaungua kebo, na pengine nyumba pamoja na waliolala ndani.

Simlaumu kijana huyu peke yake. Darasani tumemzoesha kwamba swali lina jibu moja, asitaye hupoteza alama, naye aulizaye huchekwa. Msaili hutafuta kinyume cha hayo. Anayesema, "Sina hakika, lakini mkondo ukizidi joto nalo huzidi," amekwisha kushika njia ya jibu.

Wapo watakaodai kwamba kanuni ndio msingi. Ni kweli, lakini hakuna alalaye juu ya msingi mtupu.

Walimu wenzangu, kila hesabu tuiandamishe na swali la "kwa nini?" Nanyi wanafunzi, kabla ya kwenda kusailiwa, elezaneni kwa sauti jinsi mnavyofikia majibu yenu. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kunyamaza penye hatari.