Nani alipie maigizo ya Kampene?

Balega wa Pangi, eneo ulipo mji wa Kampene, walijua kugharimia maonyesho kabla ya mashirika ya misaada kufika mkoani Maniema, mashariki mwa Kongo. Chama chao cha Bwami kilifundisha maadili kwa ngoma, methali na sanamu ndogo za pembe na mti zilizochezeshwa mbele ya wanachama. Aliyetaka kupanda daraja hakujilipia peke yake. Ukoo na wakwe walimchangia vyakula, bidhaa na musanga, zile shanga za konokono zilizotumika kama fedha, na mali hiyo ikagawiwa waliohusika na sherehe. Wakoloni wa Kibelgiji waliipiga Bwami marufuku mwaka 1948.

Leo mambo yamegeuka. Kikundi cha maigizo mashariki mwa Kongo hungoja shirika liagize mchezo kuhusu chanjo, kipindupindu au uchaguzi. Posho hutolewa siku ya onyesho, basi. Mazoezi ya wiki nzima, kodi ya ukumbi na mafuta ya jenereta havina mlipaji. Mradi ukiisha, waigizaji hutawanyika.

Hata wenye majina makubwa wameumizwa na bajeti. Phoenix Players wa Nairobi, waliocheza tangu miaka ya 1980, walipoteza ukumbi wao mwaka 2017 kwa malimbikizo ya kodi. Tamasha la muziki la Sauti za Busara, Zanzibar, halikufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha. Studios Kabako ya mtunzi wa dansi Faustin Linyekula, ambayo sasa iko Kisangani, imedumu tangu 2001, lakini kazi zake huzunguka Ulaya na hutengenezwa kwa ushirikiano na kumbi za huko. Mchezo wa Kilega kuhusu maisha ya Kampene hauna soko hilo. Wateja wake wako papo hapo.

Na watu wa papo hapo kujigharimia jukwaa inawezekana. Mwaka 1977, wakulima na wafanyakazi wa viwandani wa Kamiriithu, Limuru, walijijengea jukwaa la wazi la watu wapatao 2,000 kwa ajili ya mchezo wa Kikuyu Ngaahika Ndeenda. Serikali ya Kenya ilizuia mchezo huo Novemba mwaka uleule, na mwaka 1982 ikabomoa jukwaa. Madeni hayakuhusika.

Kampene ni mji wa dhahabu, na watu wake wanaijua likelemba, ile michango ya zamu. Basi kikundi cha maigizo kitenge sehemu ya kila malipo ya shirika kwa ajili ya mazoezi, na daftari la mapato lisomwe mbele ya watazamaji kila baada ya onyesho, maana hakuna anayechangia mfuko asiouona. Wanunuzi wa dhahabu nao waanze na kitu kimoja: kodi ya ukumbi ya mwaka mzima.