Mutoto anataka kusoma R.I.: wazazi wa kariere wajibu nini?

Matokeo ya Egzamen d'État yakishatoka, mazungumzo yanaanza nyumbani. Kule Kamituga, Misisi ao Nyabibwe, papa ameuza madini kidogo kidogo, mama ameuza chakula ku kariere, minervali ikapatikana. Sasa mutoto anataka kuja Bukavu kusoma Relations Internationales. Mzee anauliza: ile ni kazi gani? Munganga tunamujua, avoka tunamujua. Mutu wa R.I. anatumika wapi?

Mzee ana haki ya kuuliza. Ku vyuo vikuu vya inchi yetu, R.I. iko ndani ya fakulte ya Sciences Sociales, Politiques et Administratives. Wanafundisha historia ya mataifa, sheria ya kimataifa, kazi ya ONU na ya Union Africaine, namna mikataba inafanywa. Zamani ilikuwa myaka mitatu ya graduat, halafu miwili ya lisansi. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, mufumo wa LMD ulipoingia, lisansi yenyewe ni myaka mitatu.

Wengi wanaingia na ndoto mbili: ambasade ao MONUSCO. Ambasade, nafasi ni chache na mulango wake uko Kinshasa. MONUSCO ilitoka Kivu ya Kusini mwezi wa sita 2024. Mwezi wa pili 2025 M23 ikaingia Bukavu, na mwaka ule ule Marekani ikafunga USAID. Ma-ONG yaliyotegemea franga zake yakabaki hewani. Kwa hiyo mutoto anayesema "nitapata kazi ku ONU" anasema habari ya zamani.

Lakini kuna upande mwingine, na huo wachimbaji wanaujua kupita profesere. Mukumbuke "loi Obama". Mwezi wa saba 2010, Marekani walipitisha sheria juu ya mabanki yao, zaidi ya kurasa 800. Ndani yake kulikuwa kipande kidogo, namba 1502, juu ya kasiterite, koltani, wolframite na zahabu ya Kongo na ya majirani. Haikukataza mutu kununua. Iliomba tu makampuni yaliyo ku soko la hisa la Marekani yaseme madini yao yametoka wapi. Makampuni mengi yakaona ni raisi kuacha kununua kwetu kuliko kuchunguza. Mwezi wa tisa, Rais Kabila naye akafunga uchimbaji ndani ya Kivu zote mbili na Maniema, mpaka mwezi wa tatu 2011. Watoto wakafukuzwa ku masomo, wagonjwa wakakosa franga ya hospitali. Mpaka leo watu wanachanganya mambo hayo mawili, wanasema Obama njo alifunga kariere. Hapana. Moja ilikuwa amri ya Kinshasa, nyingine ni woga wa wanunuzi. Kuachanisha hayo njo kazi ya mutu wa R.I., na tulikosa watu wa kutuelezea kwa wakati.

Nyabibwe wanajua yaliyofuata. Mwisho wa 2012, kwa musukumo wa Uholanzi, mugodi wa Kalimbi ulianza kutia etiketi ku mifuko ya kasiterite, na wanunuzi wakarudi. Ni vizuri, ila gharama ya etiketi mara nyingi inashuka mpaka ku bei ya muchimbaji. Ulaya nayo ina sheria yake, inatumika tangu tarehe 1 mwezi wa kwanza 2021. Zahabu ya Bukavu, mwaka 2023 kampuni ya Primera Gold, ubia wa serikali yetu na Emirats, ilianza kuipeleka inje. Na mapatano ya Kongo na Rwanda, ya Washington tarehe 27 mwezi wa sita 2025, yanagusa pia biashara ya madini. Yote hayo yanaamua bei ya kilo yako.

Basi mzazi asiulize paka "kazi gani". Aulize: unajua Kingereza? Juu maandiko ya Washington yako kwa Kingereza, na hapa tunasoma kwa Kifaransa. Umesoma Code minier ya 2018, ao silabusi tu, ile ya kukariri usiku wa egzamen? Mwenye kujua hayo anaweza kutumika ku koperative, ku kontwari, ku sosiete sivile inayofuatilia madini. Si mishahara ya ONU, tusidanganyane.

Wakati wa kuandika travay ya mwisho, asiende kutafuta vita za mbali. Aandike juu ya kariere ya kwao: nani ananunua, muzigo unapita wapi, karatasi gani inaombwa mpaka Dubai. Na akirudi vakansi, mumupe statuti ya koperative yenu aisome mbele ya wachimbaji wote, kwa Kiswahili, mustari kwa mustari.