Mizani Isiyopima: Maktaba za Vyuo Vikuu na Hatima ya Majarida ya Fasihi

Katika maktaba nyingi za vyuo vikuu, uamuzi wa kuendelea kulipia hifadhidata ya majarida au kuiacha huegemezwa kwenye hesabu moja. Ada ya mwaka hugawanywa kwa idadi ya makala zilizopakuliwa, na jawabu hilo huitwa gharama ya matumizi. Ikiwa ndogo, hifadhidata hubakizwa. Ikiwa kubwa, hukatwa. Tangu mradi wa kimataifa wa COUNTER utoe kanuni zake za kwanza za kuhesabu matumizi hayo mwaka 2003, takwimu hizi zimepata heshima ya sayansi. Makala hii inadai kuwa heshima hiyo imepita kiasi. Hesabu hii, ikitumiwa peke yake, hupima wingi wa wasomaji wala haipimi haja yao, na miongoni mwa taaluma zinazoumizwa zaidi na mkanganyo huo ni fasihi ya Kiafrika.

Wanaoitetea wana hoja, na si haki kuipuuza. Fedha ni haba na ada hupanda. Mwaka 2012 baraza la wahadhiri linaloshauri kuhusu maktaba za Harvard, chuo chenye utajiri usio na kifani, lilitangaza kuwa gharama ya majarida, iliyokaribia dola milioni 3.75 kwa mwaka, haikuweza kuendelea kubebwa. Chuo Kikuu cha California kilivunja mapatano na Elsevier mwaka 2019, kikarejea mwaka 2021 baada ya masharti kubadilika. Nchini Kenya maktaba zimejiunga katika muungano wa KLISC ili kuchangiana ada. Penye uhaba hapana budi kuchagua. Linalopingwa hapa si tendo la kuchagua, bali mizani inayotumika.

Na uchukuliwe mfano wa mwanafunzi wa uzamili, mwenyeji wa Kapsokwony, anayekusanya ngano za Wasabaot katika miteremko ya Mlima Elgon. Ngano hizo hazikomei mpakani, kwa kuwa Wasebei wa Kapchorwa, upande wa Uganda, ni jamaa zao. Ili kulinganisha, humlazimu mwanafunzi huyo kurejea makala kongwe za majarida kama *Africa*, lililoanza kutolewa London mwaka 1928. Huenda akawa msomaji wa pekee wa makala fulani chuoni kwake kwa miaka mingi. Katika jedwali la takwimu yeye ni moja. Wanafunzi 200 wa somo la lazima, waliotumwa na mhadhiri wao kupakua makala ileile, ni mia mbili. Je, ni nani mwenye haja kubwa zaidi? Wale 200 wangeweza kusomea nakala moja iliyowekwa maktabani. Tasnifu ya yule mmoja haisimami bila makala yake. Jedwali halina safu ya kuandikia tofauti hiyo.

Dosari ya pili ni ya kimantiki. Hifadhidata kubwa za kibiashara zimetawaliwa na majarida ya Kiingereza. Mtafiti wa fasihi ya Kiswahili hukuta machache humo, hivyo hupakua machache. Kisha uchache huo hugeuzwa ushahidi kwamba idara yake haina haja na maktaba. Huku ni kumnyima mtu jembe na kumlaumu kwa mavuno. Isitoshe, usomaji wake mwingi haufiki kwenye hesabu. Jarida la *Kiswahili*, ambalo asili yake ni taarifa za Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, liliishi kwa karatasi kwa miongo mingi, na anayelisoma mezani maktabani haachi alama katika mtambo wowote. *Swahili Forum*, lililoanza mwaka 1994, hupatikana bure katika intaneti, na anayelisoma huko hahesabiwi kuwa ametumia hifadhidata yoyote inayolipiwa na maktaba.

Dosari ya tatu ni ya kusahau. Usajili wa jarida la karatasi ukisitishwa, juzuu zilizokwisha kununuliwa hubaki rafuni. Hifadhidata ya kukodi ikikatwa, mara nyingi juzuu za zamani huondoka pamoja na mpya. Wahenga walinena kuwa akiba haiozi; lakini kilichokodiwa si akiba.

Kwa hiyo, kabla ya hifadhidata kukatwa, idara husika haina budi kuulizwa maswali matatu: je, yaliyomo yanapatikana kwingine? Ni utafiti upi utakaokwama? Mkataba unairuhusu maktaba kubaki na juzuu ilizokwisha kulipia? Takwimu na ziwe shahidi mmojawapo, wala zisiwe hakimu. Kamati isiyouliza hayo itakuwa imeokoa fedha, na huenda ikasifiwa. Lakini yule mwanafunzi atateremka mlimani na ngano alizokusanya kwa jasho, asiwe na cha kuzilinganisha nacho. Mchumia juani hulia kivulini. Huyu, kivuli chake kitakuwa kimekatwa.