Kicheko Kisichomvunjia Maskini Heshima

Kuchekesha ni kazi ngumu kuliko kuliza. Mwenye kutaka kukuliza hukutajia msiba, nawe una msiba wako, basi machozi hutoka yenyewe. Lakini mwenye kutaka kukuchekesha hana budi atafute mtu wa kuchekwa, na hapo ndipo penye mtihani, kwani aghalabu anayetafutwa ni yule asiyeweza kujibu: maskini, mtu wa shamba, mtumishi wa nyumbani, mwenye lafudhi ngeni. Nasema haya kwa ajili ya picha moja ya kale ya Kitaliano, ambayo waandishi wetu wa michezo ya kuchekesha wangefaidika lau wangeitazama kwa makini.

Picha hiyo ni Pane, amore e fantasia, yaani mkate, mapenzi na njozi. Ilitengenezwa mwaka 1953 na Luigi Comencini, haina rangi ila nyeupe na nyeusi, na mswada wake aliuandika yeye pamoja na Ettore Margadonna. Mwaka 1954 ilipata tuzo ya Dubu wa Fedha katika tamasha la Berlin, na hadithi ya Margadonna ikapendekezwa kwa tuzo ya Oscar. Watu waliipenda hata ikafuatiwa na nyingine tatu. Kijiji kinachotajwa ndani yake, Sagliena, hakipo katika ramani. Palipopigwa picha ni Castel San Pietro Romano, kijiji cha mawe kilicho juu ya kilima, mashariki ya Roma.

Sisi watu wa Pwani, Mtaliano tumemzoea wa Malindi, mwenye hoteli au nyumba ya ufukweni, hata kijana wetu hudhani Mtaliano huzaliwa na pochi mkononi. Na aione Sagliena. Njia ni za mawe, nyumba nyingine ni magofu, punda ndio gari, na vita havijapita miaka kumi. Humo anaingia mkuu mpya wa kituo cha Carabinieri, askari wa jeshi wafanyao kazi ya polisi. Jina lake Antonio Carotenuto, mtu wa makamo, kapera, mvi zimemwingia lakini masharubu yamechanwa vizuri. Aliyemcheza ni Vittorio De Sica, yule yule aliyetengeneza picha ya huzuni ya wezi wa baiskeli mwaka 1948.

Mkuu anamwona Maria, msichana fukara kuliko wote kijijini, mpanda punda, mwenye ulimi mkali, aliyepewa jina la utani la Bersagliera kwa kufananishwa na askari wa Italia mashuhuri kwa kwenda mbio. Huyo ni Gina Lollobrigida, aliyefariki Januari 2023 akiwa na umri wa miaka 95. Mwaka ule wa 1953 alikuwa na miaka 26, na De Sica 52: nusu kwa nusu. Mkuu anamtaka Maria. Maria anampenda askari kijana, Pietro, mwenye haya hata kauli haimtoki. Kisa chenyewe ni hicho, na kila kijiji duniani kinakijua.

Jina la picha limetoka katika jambo dogo sana. Mkuu anamkuta mzee mmoja ameketi anakula mkate. Anamwuliza kitoweo chake ni nini. Mzee anajibu kwamba kitoweo ni fantasia, njozi tu. Basi. Hakuna muziki wa kilio wala hotuba. Ni mkate mkavu mkononi na jibu la mtu anayeijua njaa yake na hataki kuonewa huruma. Tunacheka, lakini anayebaki bila la kusema ni yule aliyeuliza, mwenye magwanda na mshahara wa mwezi. Hapa ndipo nilipouona ustadi wa watu hawa: kicheko chao hupanda juu, hakishuki chini.

Tazameni na habari ya noti. Mkuu, kwa huruma iliyochanganyika na tamaa, anaacha kwa siri noti ya lira 5,000 nyumbani kwa kina Maria. Wahenga wetu walisema penye udhia penyeza rupia, naye akapenyeza. Lakini wenye nyumba wanaona ni muujiza wa Mtakatifu Antonio, na kijiji kizima kinashangilia. Mkuu naye anaitwa Antonio, lakini hakuna anayemfikiria! Sisi tuliosomeshwa chuoni tangu utoto tunajua kwamba sadaka bora ni ile ya siri, na kwamba amali hupimwa kwa niya. Huyu siri aliipata, niya ndiyo iliyomponyoka. Alitaka shukrani zije kwake, zikaenda kwingine. Maskini akapata chakula na heshima yake ikasalimika. Fedha fedheha, lakini safari hii fedheha ilimrudia aliyeitoa. Ni mawaidha kamili, nayo yametolewa bila ya mtu kupanda mimbari.

La tatu ndilo zito zaidi. Yupo mkunga, Annarella, mwanamke mwenye adabu zake, na mwishowe moyo wa mkuu unatua kwake. Mkunga ana siri: anaye mtoto huko Roma aliyezaliwa nje ya ndoa. Yeye anayepokea watoto wa kijiji kizima hathubutu kumtaja wake. Na kwa kanuni za kazi ya mkuu, kumwoa mwanamke huyu ni kuacha magwanda. Najua wako wasomaji watakaosema: mwandishi, unatuletea picha yenye zinaa na mabusu hadharani utwambie ni funzo? Nawajibu kwamba sikusema haramu imekuwa halali. Sheria yetu iko wazi, nami siigusi. Ninalolisifu ni namna ile aibu ilivyochukuliwa. Picha haimvui mwanamke huyu nguo mbele ya watazamaji. Anasema mwenyewe, kwa mtu mmoja anayemhusu, naye mkuu hatishiki: yu tayari kuacha cheo kuliko kumwacha yeye. Wahenga, kwa radhi yenu, walisema mavi ya kale hayanuki; lakini vijijini mwetu na mitaani mwetu hunuka miaka arubaini, kwa kuwa wako wanaoyachokoa kila siku. Sitara ni katika dini. Mwenye kumsitiri mwenziwe naye atasitiriwa.

Wako wahakiki wa Italia walioichukia picha hii. Walisema wenzao waliotangulia, wale wa baada ya vita, waliuonyesha umaskini kama ulivyo, na huyu Comencini ameupaka rangi ya waridi. Neno lao lina ukweli. Maria ni mzuri mno kwa mtu asiyekula akashiba, na matambara yake yamemkaa kama yaliyoshonwa na fundi. Njaa haipendezi hivyo. Hata hivyo sikubali kwamba kulia ndiyo njia moja tu ya kumheshimu maskini. Maskini naye hucheka, tena hucheka sana, na kumnyima kicheko chake ni kumpunguzia utu.

Sasa tujitazame wenyewe. Vipindi vingi vya vichekesho katika televisheni yetu vina mtu wao wa kuchekwa, na mara nyingi mtu huyo ni sisi. Mtu wa Pwani huletwa na kanzu na kofia, maneno ameyavuta kama uzi wa nyavu, kazi hataki, usingizi haumwishi. Au ni mtumishi wa nyumbani asiyejua kutaja jina la kitu. Watu wanacheka, kipindi kinakwisha, na mtoto wetu shuleni anaigizwa lafudhi ya mama yake na wenzake. Hilo si jambo dogo. Lugha ambayo nchi nzima inaisema ilinyonywa katika titi la Pwani, na leo mwenyewe anaonewa haya kwa kuisema vizuri.

Na tusiwalaumu wa bara peke yao. Mipasho yetu ya arusini, yenye kumtaja jirani aliyeachika au binti aliyeteleza, ni ugonjwa ule ule katika nyumba yetu wenyewe.

Kwa hivyo namwomba kila mtungaji wa mchezo, wa redio, wa jukwaa au wa televisheni, ajiulize jambo moja kabla ya kuandika: huyu ninayemcheka, ana njia ya kunijibu? Akiwa ni mkubwa mwenye cheo na masharubu, mcheke mpaka machozi yakutoke. Akiwa ni mzee mwenye mkate mkavu, mpe yeye jibu la mwisho.